Vitambaa vya Spika za Simiti

Redio ya baba ilitugharimu dari ya nyumba, ng'ombe wawili na viti sita. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili. Mimi huuza viatu vya mitumba sokoni Machakos, bei nazijua kuzibembeleza, lakini hii imekataa kushuka.

Mpaka leo nikipita penye mjengo, harufu ya simiti mbichi hunirudisha sebuleni kwetu Mumbuni. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha simiti Athi River, na redio yake aliijenga kwa miaka, kipande kwa kipande. Mwaka huu mashine ya santuri, kuukuu, kutoka kwa mwalimu aliyestaafu. Mwaka mwingine amplifaya ya kizamani, ya kukuza sauti kwa taa za kioo zinazowaka ndani, ambayo fundi mmoja mjini aliiunda kadiri baba alivyopata pesa. Majirani walihamia kaseti, yeye akabaki na santuri. Kisha akasema makasha ya mbao yanatetemeka, yanachafua sauti. Basi akamimina makasha ya spika kwa simiti, palepale sebuleni, marefu kunishinda. Hata mwizi angelazimika kutuamsha tumsaidie kubeba.

Zamu yetu ya jumuiya ikafika. Wakatoliki wenzangu mnajua: wiki hii sala kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kila mtu anakagua nyumba ya mwenzake huku eti amefumba macho. Viti havikuwako, wageni wakakalia madebe. Mama Nduku, jirani yetu, akayazunguka yale makasha, rozari mkononi.

"Mama Mutua, na hawa wawili mliwazika lini?"

"Hizo ni spika," mama akajibu.

"Spika! Na mbona mmewazika wima?"

Sala ikageuka kicheko. Mutua ni mimi. Nilitamani nimiminwe humo ndani nami. Baba alicheka pia, lakini mkono wake ulikuwa juu ya simiti, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Jumatatu shuleni nikaitwa Makaburini, na jina likanikaa hadi darasa la nane.

Jioni ileile ya sala mama alitoa uzi mweupe akaanza kufuma vitambaa vya kufunika uso wa spika. Nilifurahi. Nilijiambia, angalau kuna mwingine hapa nyumbani mwenye aibu. Alifuma, akafumua, akafuma tena, majuma mengi, huku baba ameketi mbele ya spika na santuri moja ya magitaa ya Ukambani ikizunguka.

"Bado inaumiza masikio," baba alisema.

"Lete basi," mama alijibu, na kufumua.

Nilidhani wanabishania urembo.

Baba alishafariki. Redio naiendeleza mimi: nimeiwekea sindano mpya, nyaya mpya, na hata dari tunayo sasa. Mwezi uliopita, mama akiwa kwa dada yangu, nilivivua vile vitambaa, vimekuwa rangi ya chai, nikaweka kitambaa cheusi cha dukani, cha kisasa. Vya zamani nikavikata matambara ya kupangusia viatu.

Aliporudi nilimwekea santuri ileile, kwa majivuno. Magitaa yakatoka kama mabati yanayokatwa. Mama alisikiliza hadi mwisho wa upande ule, akayapapasa yale makasha kwa kiganja.

"Mutua, mmh. Umevifumua."

Ndipo nikaelewa kuwa hakuwa akificha chochote jioni zile. Alikuwa akiyapima matundu ya uzi yanayopitisha sauti, kwa masikio ya mumewe. Aibu ilikuwa yangu peke yangu, na nilimvisha yeye miaka yote.

Siku hizi santuri ikianza, yeye huenda jikoni. Macho yake hayaoni tena uzi.

Nimeokoa kipande kimoja, ukubwa wa kiganja, kina rangi ya viatu. Kama kati yenu kuna anayeweza kuyasoma matundu yake na kuyafuma upya, naomba aniambie nianzie wapi. Bei aseme yeye. Sitabishana.