Matajiri Waliopiga Kambi Kilimani kwa Kina Hedrick

Orlena Hedrick hakuwahi kumwonyesha mtu kaburi kwa kidole, na hilo ndilo lililomponza. Kule kwao milimani, Virginia Magharibi, mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu: ukilinyooshea kaburi kidole, kidole kitaoza. Ukitaka kulitaja unainua kidevu, tena mbele ya watu wako. Mgeni haambiwi. Mgeni ana macho.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shingo isiyoinama. Mumewe Asberry alikuwa akisukuma magogo mtoni, na mwaka mmoja mto ukamchukua pamoja na magogo yake, hata leo hajaonekana. Orlena akabaki na ng'ombe wawili, pipa la kusukia siagi, na kazi ya kuzalisha wanawake wa bonde zima. Kusoma hakujua ila jina lake, na hata hilo alilijua likiwa limeandikwa kubwa.

Mtoto alipata mmoja tu, Dovie. Alimzika ana miaka mitatu, dondakoo limemkaba. Siku tatu mtoto alikohoa kikohozi kikavu, kama kibwa kinachobweka ndani ya pipa. Siku ya nne akanyamaza.

Walimzika juu ya kilima nyuma ya nyumba, pamoja na kina Hedrick wengine. Makaburi saba: ya wakubwa manne, ya watoto matatu, kila moja tuta la udongo na jiwe kichwani. Mawe hayakuandikwa kitu. Yaandikwe ya nini? Hakupita mtu pale asiyejua nani kalala wapi. Jiwe la Dovie lilikuwa na mshipa mweupe katikati, na Asberry mwenyewe ndiye aliyelibeba begani kutoka mtoni. Kila mwaka, Jumapili ya kupamba makaburi, Orlena alikwangua nyasi, akalipandisha tuta, akaweka maua. Na kila mwaka alimwambia shemeji yake Harmon, mdogo wake Asberry, maneno yale yale:

"Mimi mtanilaza kushoto kwa Dovie. Mkono wangu wa kulia ndio aliozoea kuulalia."

"Nimesikia, shemeji. Ulisema mwaka jana."

"Na mwakani nitasema."

Basi alikuwa hana mali nyingine anayoiwazia duniani. Kipande kile cha ardhi, upana wa mwili mmoja, ndicho kilichokuwa chake.

Mwaka wa tatu baada ya vita vya Wajerumani, mwezi wa Agosti, magari kumi na moja yakapanda bonde kwa njia ya kijito. Watoto walikimbia, kuku wakaruka uzio. Walikuwa matajiri watatu na mwanasiasa mmoja, wakubwa wa kutajwa magazetini, ambao kila kiangazi huenda porini kulala kwenye mahema, wakifuatwa na watumishi na waandishi wa habari. Aliyeshuka kuzungumza hakuwa tajiri. Alikuwa Pomeroy, msimamizi wa kambi yao, mtu mfupi mwenye daftari.

"Mama, tunatafuta mahali pa kupiga mahema. Mabwana wanataka kukaa wiki moja kama wazee wa zamani walivyokaa, kwa shoka na moto."

Orlena akayatazama magari. Moja lilibeba jiko la chuma. Jingine lilikuwa likidondosha maji ya barafu.

"Wazee wa zamani walikuwa na barafu?"

Pomeroy akacheka. "Hawa ni wazee wa aina nyingine, mama."

"Naona."

Akampa uwanda ulio kando ya mto, wenye nyasi nzuri na kuni tele. Maziwa na siagi angewauzia. Pomeroy akashukuru, lakini jicho lake likapanda kilimani.

"Na pale juu, penye mwerezi? Pana upepo, mbu hawafiki."

"Pale hapafai."

"Kwa nini?"

Orlena akafunga mdomo. Hakuinua hata kidevu. Moyoni alisema, mtu mzima akifika pale ataona mwenyewe. "Nimesema hapafai," akajibu, akaingia ndani.

Pomeroy aliandika kitu daftarini. Bila shaka alidhani bibi anayabania malisho yake.

Kesho yake Orlena akaitwa upande wa pili wa mlima, kwa mke wa Sylvanus Propst, mtoto kageuka vibaya tumboni. Harmon alikuwa kwenye kiwanda cha mbao, mbali. Ikanyesha siku nzima. Mto ukapanda uwandani ukaingia kwenye mahema ya matajiri, nao wakahama asubuhi kwenda juu, mahali palipo pakavu. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia neno. Wenyeji wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakumjua Pomeroy.

Orlena alirudi siku ya pili alasiri, mtoto wa Propst salama na mama yake salama, na yeye ana furaha, ila miguu inamuuma kwa uchovu. Akaona moshi kilimani.

Alipanda bila kuvua kofia. Chini ya mwerezi walikuwa wameweka meza kubwa ya duara, yenye kitambaa cheupe, na kuizunguka wanaume wameketi wanakula kuku. Ili meza isiyumbe, watumishi walikuwa wamesawazisha ardhi kwa sepeto. Walidhani ni matuta ya viazi yaliyoachwa zamani. Na moto waliuzungushia mawe saba.

Seneta Brandreth alikuwa wa kwanza kumwona. Akainuka na leso shingoni.

"Karibu, mama, karibu! Waandishi, mwangalieni huyu, ndiye mama wa milimani halisi. Mpeni kiti."

"Mmekalia watu wangu," akasema Orlena.

Mmoja akacheka, akatazama chini ya kiti chake.

"Tumekalia nini, mama?"

"Makaburi. Hayo mawe mliyopikia ni ya makaburi. Hapo mnapokula pana mwanangu."

Waliinuka wote kwa pamoja, viti vikaanguka. Kisha hakuna aliyejua aweke wapi mguu. Watu wazito wa nchi, wenye viwanda na kura, wakasimama pale juu ya ncha za viatu kama watoto waliovunja chungu.

Aliyepata neno ni Bwana Lathrop, mtengenezaji wa matrekta, mzee mwenye masharubu meupe. Alivua kofia.

"Tuonyeshe, mama. Tutarudisha kila kitu kilipokuwa. Nina watu ishirini hapa."

Orlena akaenda motoni. Jiwe la mshipa mweupe lilikuwa jeusi upande mmoja. Alilikamata kwa aproni, nalo bado la moto, akalikumbatia akatembea nalo kwenda kuliweka mahali pake.

Akasimama.

Alipiga hatua tatu kutoka kwenye mwerezi. Akarudi. Akapiga nne, akageuka kushoto, akarudi tena. Ardhi ilikuwa imelala sawasawa kama shuka iliyopigwa pasi. Miaka kumi na minane alikuwa akija pale, na miaka yote hiyo alilitazama jiwe. Jiwe ndilo lililomwambia hapa. Ardhi yenyewe hakuwahi kuiuliza.

"Usiwe na haraka, mama," akasema Lathrop kwa upole.

"Usinifundishe haraka. Ni mwanangu."

Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika, na yeye ndiye wa kwanza kuisikia.

Lathrop akasogea. "Nina fundi anayejua udongo. Tukipekua taratibu, uliochimbwa zamani una rangi yake. Tutapata kila kaburi."

"Watoto ni watatu pale, bwana. Umri wao karibu sawa. Utawafukua, halafu uniulize mfupa upi ni wangu?"

Lathrop akaigeuza kofia mikononi.

"Basi nitaleta marumaru," akasema mwishowe. "Nitachongesha jina lake. Marumaru nzuri kuliko zote."

"Utaiweka wapi?"

Seneta alikuwa ameshika mfupa wa kuku hajui autupe wapi, akautia mfukoni mwa koti. Kabla jua halijazama magari yote kumi na moja yalikuwa yameshuka. Watumishi walitaka kuyapanga mawe kwa kukisia, Orlena akawafukuza. "Yaacheni! Msinidanganyie wafu."

Wiki moja baadaye, anakamua asubuhi, akasikia kikohozi. Kikavu, kifupi, kutoka kilimani. Aliacha ndoo akapanda. Kilitoka karibu na mwerezi. Alipofika mwerezini kikatoka penye uzio. Alipofika kwenye uzio kikanyamaza.

"Ni mbweha, shemeji," Harmon akamwambia.

"Nimesikia mbweha tangu nizaliwe, Harmon Hedrick. Huyu ananiita, na kila akiniita yuko mahali pengine."

Miaka ile yote ya nyuma hakuwahi kumsikia. Mtoto alikuwa amelala. Sasa ameamshwa, na mama hajui kitanda kiko wapi.

Orlena akamwendea mhubiri, akamwandikisha barua kwa Pomeroy: je, kuna picha yoyote iliyopigwa pale kabla ya sepeto? Pomeroy, tumpe haki yake, alitafuta. Ikaja bahasha na picha moja. Ilipigwa kutoka juu kuelekea mtoni yalikofurika maji. Pembeni chini, karibu kukatwa, palionekana tuta moja dogo, na juu ya tuta buti ya mwanamume. Jiwe halikuonekana. Mwerezi haukuonekana. Alikaa na picha ile mlangoni majira mawili ya baridi, akiigeuza huku na huku, akaitazama ile buti mpaka akajua idadi ya vishimo vya kamba zake. Kaburi la nani, hakujua.

Marumaru nayo ilifika kwa treni. Mkuu wa stesheni alituma watu mara nne. Orlena hakuifuata, na anayesema aliifuata ni mwongo.

Kuanzia hapo, Jumapili ya kupamba makaburi ilipofika, alikwangua kilima kizima, uzio kwa uzio, kila shubiri, asije akaruka alipo. Alitembea pekupeku asimkanyage mtu kwa kisigino. Wanawake wa bonde walimsikia akiongea huku anakwangua: "Ni hapa? Basi ni hapa?" Kikohozi kilimjibu kutoka nyuma yake, kila mara nyuma yake. Wengine waliokuwa pale walisikia. Mke wa Propst alisikia, na hakupanda tena.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Kifua kikamshika mwezi wa Februari, na mara hii akajua hakitamwachia. Harmon, naye sasa mzee, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Shemeji, tusifichane. Nikulaze wapi?"

Orlena akageuza uso upande wa kilima.

"Chagua mahali pamoja," Harmon akasema. "Tuweke jiwe la Dovie, tukulaze kushoto kwake. Nani atajua? Mungu atakusamehe."

"Mungu atanisamehe. Dovie je? Nimkumbatie mtoto wa mwenzangu milele, wangu akohoe peke yake?"

"Sasa nifanyeje?"

"Kina Hedrick wote wamezikwa nyuso mashariki, si ndiyo? Siku ya baragumu watainuka wanatazama jua."

"Ndiyo."

"Basi mimi mnichimbie magharibi kabisa, kwenye ukingo wa juu, nyuma yao wote. Mimi nitainuka nikiwaona migongo. Mmoja wao, mdogo, hatatazama jua. Atageuka nyuma kumtafuta mama yake. Huyo ndiye wangu."

"Shemeji, ukingo ule ni mwamba mtupu."

"Basi mtachimba mwamba."

Alikufa Alhamisi. Harmon alikwenda na wanaume wanne na nyundo na patasi za chuma. Futi moja chini walikuta mwamba, kama alivyoonya. Mmoja akamwambia, mzee, hatua sita tu upande wa mashariki udongo ni laini, na marehemu haoni. Harmon akashika nyundo yeye mwenyewe, akapiga. Walichimba siku tatu, na wote watano waliapa baadaye kwamba siku zote tatu, hapo chini penye udongo laini, kuna mtoto alikuwa akikohoa, na kwamba siku walipomshusha Orlena na kumfunika, kikohozi kiliendelea.