Mwanamke Aliyekataa Kumuua Kapteni Wangu

Kapteni wangu alipaswa kufa mwishoni mwa daftari la saba, langoni, mkuki ukiwa umemwingia ubavuni. Mwanamke mmoja wa Mbarara akakataa. Hakuna aliyemwomba maoni. Kazi yake ilikuwa kutaipu.

Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini. Nauza maharage na dagaa sokoni Misiera, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na wateja wakiadimika huwa naandika. Nilikuwa nimejaza madaftari tisa kuhusu miji miwili ya kubuni, Mji wa Mlimani na Mji wa Ziwani, inayochukiana tangu enzi za mababu. Mlimani kuna malkia, na malkia ana karani. Karani huyo ndiye aliyekuwa fahari yangu: akiandika jina la mtu kwa wino wake, mtu huyo anakufa popote alipo, hata awe amejificha uvunguni mwa kitanda. Siku nilipombuni nilijipongeza mpaka nikamzidishia mteja maharage.

Madaftari yalizunguka Misiera nzima, na watu wakayasoma kwa namna yao. Nilikuwa nimeandika kwamba wageni wa malkia hukalishwa kwenye benchi siku tatu, wanapewa karatasi, kisha wanaambiwa warudi Jumanne. Mrundi anayeuza chumvi kwenye meza ya jirani alinirudishia daftari akitikisa kichwa. "Hii si ya kutunga," akasema. "Hiyo benchi mimi nimeikalia."

Mke wangu yeye alikasirishwa na jambo jingine. "Malkia gani anakula na mikono michafu? Kwabo hakuna mayi?" Nikaongeza beseni la kunawa. Nilikuwa mwandishi msikivu wakati huo.

Mchungaji wa kanisa letu ana ndugu Kampala anayechapa vitabu. Akaniahidi kwamba mwisho wa mwezi, akienda huko, atanibebea kazi yangu, ila si madaftari yanayonuka dagaa. Alitaka karatasi safi zilizotaipiwa. Hiyo ndiyo bahati niliyokuwa nimeingoja miaka yote, kwa hiyo nikapanda gari pale Rwekubo nikaenda mjini Mbarara, na upande wa kuelekea Makenke nikapata duka la kuchapa na kutoa kopi.

Mwenye kompyuta alikuwa mama mmoja anayeishi kambi ya jeshi ya Makenke, mke wa askari. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, changu cha Kivu, na kila mmoja alimsikiliza mwenzake kwa huruma. Aliniita muzee. Nina miaka thelathini na tisa.

Mwanzoni tulipatana vizuri. Alikuwa na vidole vyepesi, na kila nilipomletea madaftari mengine alinisimulia aliyokwisha kuyataipu kana kwamba mimi sikuwepo yalipotokea. Aliyempenda zaidi ni kapteni wa walinzi wa Ziwani, mtu mwaminifu na mwenye mizaha. "Huyu kapteni ni mutu muzuri," akaniambia. "Iko kama mutu mimi nafahamu." Kichwa kikanivimba.

Safari ya tatu nilikwenda zikiwa zimebaki siku kumi mchungaji aondoke. Nilizichukua karatasi nikaanza kusoma nikiwa nimesimama. Malkia akatoa amri. Karani akachovya kalamu. Mkuki ukaruka kutoka gizani. Halafu nikasoma hivi: "Mukuki ilimupiga kwa mguu kidogo tu. Kapteni alianguka. Alisimama. Alikunywa chai."

Nikarudia kusoma. Chai ilikuwa bado ipo.

Nikafungua sura inayofuata, ile ya mazishi, niliyoiandika huku machozi yakinitoka. Mazishi yalikuwepo, wanawake wa Ziwani wakilia, ngoma zikilia, na mwishoni pameongezwa: "Na kapteni alisimama nyuma ya watu, muzima, akalia pia."

"Mama," nikasema, nikijikaza, "huyu mtu anazikwaje naye amesimama?"

"Mazishi ilikuwa tamu. Mimi nililia. Nikasema, hapana toa."

"Na dada yake? Madaftari mawili mazima anakwenda Mlimani kulipiza kisasi. Anajifanya mpishi, anaingia jikoni kwa malkia. Kisasi cha nini sasa?"

Akafikiri. "Ya mguu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilipiga kelele mpaka watu waliokuwa wanatoa kopi za vitambulisho vyao wakageuka. Nilisema mimi ndiye niliyemuumba kapteni, mimi ndiye ninayejua anakufa lini, na kwamba yeye kazi yake ni vidole tu. Ni maneno ambayo nikiyakumbuka leo natamani kuyameza.

Aliiondoa mikono yake kwenye kompyuta, akaikalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima amekalia mikono yake namna ile.

"Bwana yangu iko Somalia," akasema. "Yeye napiga simu kila Jumapili. Sasa Jumapili mbili, simu hapana. Na wewe naleta mimi askari wa kuua, na hii vidole?"

"Mama, ni hadithi tu."

"Hadithi?" Akaniangalia kwa dharau niliyostahili. "Ni nani aliandika karani anaandika jina, mutu anakufa? Si wewe? Sasa hapa karani ni nani, muzee? Si mimi?"

Ningesema karani wangu ni uongo, ningekuwa nimekitupa kitabu changu mwenyewe mbele za watu. Ningesema ni kweli, nisingeweza kumwomba ataipu. Malkia wa Mlimani, pamoja na hila zake zote, hakuwahi kunikaba hivyo.

Nikachukua daftari la saba nikatoka kwa kiburi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jingine la kuchapa, na mwanamume wa humo alininyooshea mkono alipokee. Nikalifungua kwanza kumwonyesha sura yenyewe, nikaona jina la kapteni kwa mwandiko wangu, na mara nikamfikiria yule askari mahali fulani kwenye jua la Somalia, hajui lolote, huku mimi natafuta mtu wa kumuandika. Nikamwambia yule bwana samahani, nimekosea duka. Nikarudi kwa mama, nikaliweka daftari mezani pake, lingoje simu ya Somalia.

Nyumbani nilimweleza mke wangu nikitarajia anionee huruma. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza: "Sasa ule bwana yake, alishapiga simu?"

"Sijui."

"Weye unalilia kitabu, mwenzako analilia bwana. Kesho umupigie umuulize."

Nikampigia. Bado. Kesho yake Mrundi wa chumvi, ambaye mke wangu alikuwa amemsimulia, aliniuliza kabla hata ya salamu: "Yule askari?" Bado. Wiki nzima meza yangu ilijaa watu wasionunua chochote, wanauliza habari za askari wa Makenke ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mwisho wa mwezi, mchungaji alikwenda Kampala mikono mitupu. Nililitazama gari likiondoka na bahati yangu, na nikashangaa kwamba si hilo lililoniuma zaidi.

Niseme wazi. Mimi nilikimbia kwetu kwa sababu ya watu wenye sare na bunduki. Mpaka leo nikiona sare navuka barabara. Na bado Jumapili iliyofuata, mchungaji aliporudi na kuuliza nani ana ombi, nilijikuta nimesimama. "Naomba tuombee askari," nikasema. Kanisa zima likageuka kuniangalia, watu ambao wote wana sababu kama yangu.

"Askari wa wapi?" mchungaji akauliza.

"Sijui jina lake. Mke wake hutaipu."

Wakaomba. Kina mama wa Kivu waliomba kwa sauti, kwa ajili ya askari, na mimi nilikuwa naogopa, naogopa kweli, kwa ajili ya mtu ambaye hata sura yake siijui.

Simu ililia siku ya Jumatano, nikiwa napima maharage.

"Muzee, kuja," sauti ikasema. "Amerudi. Sasa anaweza kufa."

Nilimwachia Mrundi meza na maharage yangu yote.

Nilimkuta ameketi dukani kando ya mke wake: mtu mfupi, mpole, amevaa kandambili, anakunywa chai. Jumapili zote zile ambazo kanisa na soko vilikuwa vimekosa amani, simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Alinisalimia kwa heshima, kisha akaniambia ameisoma ile sura na kuna kosa.

"Mulinzi hapana simama hivyo kwa geti," akasema. Akainuka, akanionyesha. "Hapa mukuki hapana ingia. Musogeze hapa. Hapa ndiyo nakufa vizuri."

Nikamsogeza kapteni. Mazishini nikamwondoa nyuma ya watu. Chai niliiacha, ila nikaipeleka kabla ya mkuki, kapteni anywe kwa raha akiwa bado mzima.

Kisha mama akaanza kutaipu kifo. Vile vidole vyepesi nilivyovizoea vikaenda polepole, herufi moja moja, nikadhani anaumwa. Nikainama niangalie. Alikuwa anataipu kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa umeshika shati la mume wake, umelikunja ngumi, na haukuliachia mpaka nukta ya mwisho. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, na mimi sikumharakisha.