Nilivyotaka Fundi wa Ndege Afutwe Kazi Leo Isinya

Leo nimemtukana fundi mbele ya uwanja mzima wa ndege, na mjinga alikuwa mimi.

Mnajua nimerusha ndege ndogo Malindi, kule pwani, miaka mingi. Kwa hivyo najua kila kitu, sivyo?

Saa saba mchana hapa Isinya, jua kali. Nikaipa injini moto wote ili nipae. Ikakohoa, moshi mweusi nyuma, na ndege ikakimbia bila kuinuka. Nilifunga breki hatua chache tu kutoka kwa seng'enge ya mwisho wa uwanja.

Nikashuka, mimi na kitambi changu. Papo hapo nikampigia mwenye ndege: "Huyu fundi wako ataniua! Mfute kazi leo!"

Fundi ni Mama Naserian. Alikaa kwenye kiti changu, akawasha, akaongeza moto, akavuta nyuma kidogo ule mpini mwekundu wa kupunguza petroli. Mimi nilikuwa nimeusukuma mbele hadi mwisho, petroli ikaingia tele.

Injini ikanguruma safi kabisa.

"Huku juu hewa ni kidogo, Captain. Wewe unaimwagia petroli kama uko Malindi."

Nikanyoosha mkono niombe msamaha. Akauangalia tu.

"Mpigie tena. Na upige kelele vile vile."

Nikapiga. Watu wote wanasikiliza. "Ni mimi! Makosa ni yangu!"

Amebaki na kazi yake. Mimi nimeambiwa na mwenye ndege nisiguse ndege yoyote mpaka Mama Naserian akubali.

Nimemuuliza mara tatu. Anaendelea kukaza boliti zake.

Haya, chekeni.