Siku ya Tatu ya Vanila

Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuosha matangi ya bia. Alivaa mabuti ya mpira, akaingiza kichwa na mabega katika mlango wa tangi, akasugua mpaka chuma kikang'aa kama kioo. Kiwandani walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la fundi aliyempima. Asubuhi alisalimia, jioni aliaga, na katikati ulisikia brashi tu.

Lakini Kimya alikuwa na pua. Kabla ya kuosha tangi alilinusa, akajua bia iliyotoka humo ilikuwaje. Kazini hakuja amekula kitunguu wala amejipaka mafuta yenye harufu. Hakumweleza mtu sababu, maana hakuna aliyemwuliza.

Mpishi wa bia wa kiwanda hicho kidogo alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, aliyeanza kwa kubandika lebo kwenye chupa akapanda mpaka kushika ufunguo wa stoo ya shayiri. Mwaka ule mwenye kiwanda alimpa tangi moja apike bia ya kubuni mwenyewe. "Ikikubali utapika nyingine," alimwambia. "Ikiharibika, turudi kwenye zile zile za zamani."

Akapika bia nyeusi, nzito, ya shayiri iliyokaangwa nusura iungue. Kisha akaning'iniza ndani yake mfuko wa kitambaa wenye maganda ya vanila yaliyopasuliwa, umefungwa kwa kamba. Vanila ni kama chumvi, ikizidi haitoki tena. Daftari lake, lenye hesabu za majaribio, lilisema mfuko ukae siku tano. Na kamba ile haikuguswa na mtu ila yeye.

Siku ya pili mafua yakamkamata shemeji, pua ikaziba kabisa.

Siku ya tatu, kama jana yake, Kimya alikinga bia kidogo alipokuwa akisafisha koki ya tangi, akaonja. Kwanza ulikuja uchungu wa kahawa, halafu ukingo wa mkate uliobabuka, halafu vanila ikafika taratibu kutoka nyuma, ikatulia. Akafumba macho. Tangu azaliwe hakuwa ameonja kitu kizuri hivyo. Ndipo hofu ikamwingia. Maganda haya yalikuwa manene na yenye mafuta, si makavu kama yale ya majaribio.

Akasimama mlangoni pa ofisi na brashi yake.

"Shemeji."

"Sema."

"Ile kamba. Itolewe leo."

Fundi mitambo, aliyekuwa akinywa chai pale, nusura apaliwe. "Leo mawe yamesema! Tangu lini mwosha sufuria akamwambia mpishi chakula kimeiva?"

"Daftari linasema tano," shemeji alisema kwa sauti ya puani. "Wewe unasema tatu. Nimsikilize nani?"

Kimya aliigeuza brashi mkononi. "Jana vanila ilikuwa inabisha hodi," alisema. "Leo imeingia, imekaa, inazungumza vizuri na wenyeji. Kesho kutwa itakuwa imelala kitandani, sisi tuko sakafuni." Akaielekeza brashi kwenye tangi. "Mgeni siku ya tatu, shemeji. Mpe jembe."

Shemeji alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akachukua kikombe, akanusa, akaonja, na kicheko kikamwisha.

"Sisikii kitu. Ungenipa maji ya kudekia nisingejua." Akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Hili tangi ni langu la kwanza. Ukikosea je?"

"Nitarudi kuosha."

"Si ndiyo kazi yako sasa hivi!"

"Basi nitaosha zaidi."

Shemeji akapanda ngazi, akavuta kamba mwenyewe. Lakini hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikinga mtungi mmoja wa bia ile ile, akatumbukiza humo maganda machache ya mfuko ule kwa kadiri ya mtungi, akaufunika, akayatoa siku ya tano.

Siku ya saba pua yake ikafunguka. Akaweka glasi mbili mezani. Ya mtungi aliionja, akaitema kwenye sinki.

"Mafuta ya nywele."

Ya tangi aliinywa. Akanywa tena. Fundi mitambo alinyoosha mkono aonje, akapigwa kofi vidoleni. Glasi ilipokwisha, shemeji aliinusa tupu, kama Kimya alivyonusa matangi miaka yote ile.

Kisha akafungua daftari, akakata yale maneno "siku tano", akaandika mengine juu yake. Kimya alisoma la saba na kuishia hapo, lakini hata daftari likiwa kichwa chini aliweza kusoma: *Mpaka Kimya aseme.*

"Unatazama nini?" shemeji alisema. "Nenda kaoshe tangi namba mbili. Lisafishe vizuri, tunapika nyingine."

Akaenda. Fundi mitambo anaapa kwamba siku hiyo alisikia mluzi ukitoka ndani ya tangi. Kimya mwenyewe anakana mpaka leo.