Meneja Niliyemzaa Mwenyewe

Bukavu, msanii anayejibu simu yake mwenyewe haheshimiwi. Ukimwambia mwenye ukumbi "ni mimi", anakupa siku ya mvua na umeme wa kubahatisha. Kumlipa meneja sikuweza, basi nikamzaa mwenyewe. Nilimpa laini yake ya simu, sauti nzito ya puani na Kifaransa cha ofisini, kisha nikaandika namba yake kwenye afishi zangu zote za matangazo. Alikuwa mtu wa maana kuliko mimi. Kila aliposema "musanii wetu iko na kazi mingi", nilijisikia fahari, ingawa msanii mwenyewe alikuwa amechuchumaa chini anakoroga gundi ya unga wa muhogo.

Afishi nilizibandika alfajiri, kutoka Kadutu kushuka hadi karibu na ziwa. Saa hizo ukungu huwa umelalia maji, na milima ya ng'ambo inaonekana haina miguu. Nilitembea na ndoo yangu nusu nikiota, uso wangu ukinitazama kwenye kila ukuta, hata nisijue ni yupi kati yetu aliyekuwa ameamka. Niliipenda hali ile kupita kiasi.

Gitaa nililipeleka hadi Luberizi, kwa wakulima wa mpunga. Kavumu tu ndiko sikutia mguu. Kule anakaa baba yangu, mwalimu mstaafu, aliyenisomesha chuo kikuu hadi nikapata kazi katika shirika. Siku nilipoiacha kazi ile kwa ajili ya muziki, aliniambia nisirudi nyumbani kwake. Ilipita miaka miwili bila salamu. Nilimtamani sana baba yangu, ila kiburi nilikirithi kwake.

Afishi, lakini, haina ugomvi na mtu. Dereva mmoja alibandika moja sokoni Kavumu, na asubuhi moja, nikiwa bado nimejifunika blanketi, simu ya meneja ikalia.

"Allô, ni manager?"

Ilikuwa sauti ya baba. Nilitaka kusema ni mimi, lakini ile sauti ya puani ikatoka yenyewe.

"Ndiyo, papa. Ni nani?"

"Niko muzee moja wa Kavumu. Tuko na jubilé ya ndoa, miye na bibi yangu. Tunaomba ule musanii yenu akuye kuimba."

Nilimuuliza siku, saa, na idadi ya wageni. Akanijibu kwa adabu, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Bei hakubishana nayo. Halafu nikasikia anahema.

"Manager, ule kijana anakulaka muzuri?"

"Anakulaka, papa."

"Na fasi ya kulala?"

"Iko nayo, papa."

"Basi, musimuambie kama niliuliza."

Nililia hadi jua likafika kitandani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka Bukavu hadi Kavumu, na niliipita Jumamosi iliyofuata nikiwa na gitaa mapajani, nikikariri maneno ya kumwambia baba, ambayo yote yalinitoroka.

Baba alinipokea mlangoni kwa mkono, kama anavyopokelewa fundi. "Karibu, musanii." Niliimba chini ya turubai hadi mama akavua viatu akacheza peke yake, macho amefumba, na wageni wakampisha. Nilitamani wimbo ule usiishe, kwa sababu ulipokuwa ukiendelea nilikuwa mtoto wa nyumba ile.

Ulipoisha, baba aliniita kwenye meza ya wazee. Kwetu, mtu anayezungumza kwa niaba ya mwingine hali chakula akiwa amesimama. Anawekewa kiti kando ya mwenye nyumba. Kando ya baba kulikuwa na kiti kitupu na sahani iliyofunikwa. Tangu asubuhi hakumruhusu yeyote kukikalia, hata mjomba wangu mwenye miguu mibovu.

"Manager wako iko wapi?" akauliza. "Chakula inapoa."

Ningeweza kusema ana homa. Uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni, na kwa sauti ya puani. Niliogopa kwamba nikisema kweli atanifukuza mara ya pili, mbele ya watu.

"Hakuna manager, papa," nikasema. "Ni miye."

Wazee wakaacha kutafuna.

"Kumbe ni weye nilikuwa nauliza ile siku ku simu," baba akasema polepole.

Nyumbani kwetu mtoto ndiye anayemnawisha baba. Siku ile baba alisimama, akachukua birika mwenyewe, akanishika kifundo cha mkono na kunimwagia maji ya uvuguvugu, kidole kwa kidole, mbele ya wageni wote.

"Ikala," akasema, akinivutia kile kiti. "Ukule."