Kaka Yangu Amekataa Mchezo Wangu Mpya

Ndugu mhariri, barua hii ichapeni, ila jina langu na mtaa wangu mvifiche, maana kaka yangu huusoma ukurasa huu mara tu gazeti likifika Mbeya.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Ilula. Nina mke na mtoto mmoja, na kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja. Nyumbani hapa Mbeya tunaishi na kaka yangu mkubwa. Alikuwa dereva wa malori, lori lake likapinduka karibu na Igawa, akaumia uti wa mgongo. Tangu hapo hatembei. Mkewe alirudi kwao, sisi tukamchukua.

Kinachonisumbua mtakiona cha kitoto, lakini nivumilieni. Napenda kubuni michezo. Si karata wala bao. Nilipokwenda Iringa kikazi, mwalimu mmoja mgeni wa sekondari alinionyesha mchezo wa kwao. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani, mmoja anasimulia yanayowakuta njiani, na penye mashaka inarushwa dadu. Niliporudi nikatunga wa kwetu. Kaka alichagua kuwa mfugaji aliyetoka kaskazini na ng'ombe wake kutafuta malisho Usangu. Mke wangu akawa mwuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni aliyefuatana naye. Msimuliaji nikawa mimi.

Basi ikawa kila Jumapili tukitoka kanisani, tunamwinua kaka, tunamweka kwenye kiti chenye mito, tunaanza. Mtu aliyekuwa akishinda kimya akitazama ukuta alianza kuamka na maswali. "Mdogo wangu, huko mbele kuna maji, au nilale hapa na mifugo?" Siku ya mchezo alikuwa anaomba hata wembe anyoe ndevu.

Shida ni kichwa changu, hakitulii. Ng'ombe wa kaka wamefika kwenye mto uliofurika, mimi nikaanza kuona mchezo mwingine, wa wajenzi wa reli. Nikawaambia ule tuuweke kando kidogo. Wakakubali. Reli haijafika popote, nikaja na wa machifu wa zamani. Kisha wa mabaharia, mimi ambaye bahari sijawahi kuiona. Mchezo ukiwa mpya chakula hakipiti, ofisini nachora mipaka ya viwanja huku nawaza sheria zake. Ukishaanza kuchezwa, hamu inakwisha, nauona kama kazi ya mwajiri. Na kila mara kaka ilimbidi aache mtu aliyemzoea aanze kuwa mwingine.

Siku niliyoleta mwingine tena, alisukuma dadu pembeni. "Mimi sichezi."

"Kwa nini, kaka? Huu ni mzuri kuliko yote."

"Yote ulisema hivyo. Wewe ukichoka unainuka unakwenda zako. Mimi ukimwacha mtu wangu njiani, na mimi nimebaki hapo hapo."

Maneno yale yaliniuma, na badala ya kutulia nikachukua likizo nikakimbilia Iringa kwa yule mwalimu. Akaniambia anataka tutunge mchezo mkubwa kwa ajili ya wanafunzi wake. Tulishinda mezani kwake siku nzima nzima, nikasahau hata kutuma salamu nyumbani.

Niliporudi Mbeya niliwakuta wanacheza. Mke wangu ndiye aliyekuwa anasimulia. Ng'ombe walishavuka mto, nusu ya sheria zangu ameitupa, na kaka anacheka mpaka anashika kiti. Badala ya kufurahi, nilijisikia kama niliyeingia nyumbani nikakuta kitanda changu kina mtu. Nikauliza nani amewaruhusu.

Mke wangu hakupandisha sauti. "Baba Neema, ulitaka tukungoje mpaka lini?"

Kaka akasema, "Kaa, uwe mchungaji wangu. Shemeji atakuambia pa kuanzia."

Nikakaa. Nasema kweli mbele yenu, kabla zamu yangu haijafika mawazo yangu yalishakwenda Iringa.

Sasa mwalimu ameleta habari kwamba shule inahitaji mtu wa kufundisha uchoraji, na muhula ujao niwe nimefika. Tutaumalizia mchezo wetu huko. Nilimweleza mke wangu. Akanijibu, "Ukienda, mimi shemeji nitamwinua na nani? Majirani nao wana kwao." Kaka hawezi kuhamia Iringa, daktari anayemhudumia yuko hapa, na safari ndefu ya gari inamtesa.

Nilidhani kaka ndiye angenizuia. Nilipomwambia, alisema taratibu, "Nenda tu, mdogo wangu. Usibaki hapa ukaja kunitazama kama unavyoitazama michezo iliyokuchosha."

Tangu siku hiyo siwezi kumtazama usoni. Naogopa kwamba ameona kitu ambacho mimi mwenyewe sijakikubali.

Wasomaji wenzangu, wake kwa waume, hasa mliowahi kumuuguza ndugu kwa miaka, nishaurini. Nifanye nini? Niende Iringa, au nibaki? Na nikibaki, nifanyeje nisije nikamchoka na yeye?