Firigisi Hailipi Kodi

Jumapili hiyo Javan alifika kwa kaka yake Laban, mtaa wa Ziwani, akiwa hoi kabla hata ya kuketi. Wiki nzima alikuwa akipakua magunia ya mchele kwenye ghala, na mabega yake bado yalihisi uzito ingawa gunia halikuwepo. Kazi yake ni ya kibarua: ukibeba unalipwa, usipobeba unarudi nyumbani Pipeline mikono mitupu.

Kikao kiliitwa kwa ajili ya dada yao Nabwire, mjane, ambaye figo zake zilishindwa na sasa damu yake husafishwa kwa mashine. Katika ukoo mzima, vipimo vilimkubali Javan peke yake. Kumpa dada yake figo moja hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni agizo la daktari: baada ya upasuaji, miezi mitatu asibebe kitu kizito. Bila gunia hakuna kodi, na mwenye nyumba wao si mtu wa kusikiliza hadithi. Asubuhi mkewe Triza alimwambia, "Baba Ayuma, leo usinyamaze."

Laban, kifungua mimba, ndiye aliyegawa mchango. Yeye angelipia vipimo vilivyobaki. Binamu yao Wabwire, mwenye duka Komarock, angenunua dawa. Wengine wangelipia kitanda cha hospitali. Alipomfikia Javan akatabasamu.

"Wewe ndugu yangu umeshatoa. Hatukudai hata ndururu."

"Huyu anatoa nyama, sisi tunatia mchuzi tu," Wabwire akatania. Watu wakacheka.

Javan naye akacheka.

Chakula kikaletwa. Mke wa Laban akaweka bakuli la kuku mbele ya mumewe, firigisi juu. Kwa watu wao, firigisi haiguswi na mtu ila mkubwa wa nyumba. Wapo waliokosana mpaka kaburini kwa kipande hicho. Laban akaichukua, akaiweka kwenye sahani ya Javan.

"Leo ni yako. Hii ndiyo asante ya ukoo."

Wakapiga makofi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Javan aliitazama ile nyama, akaona hivi ndivyo watakavyommaliza, kwa heshima. Akairudisha kwenye sahani ya kaka yake.

Makofi yakakatika. Mke wa Laban akashika mdomo.

"Kaka," Javan alisema, macho yakiwa mezani, "heshima sikatai. Lakini watoto wangu hawataishi kwa firigisi. Nisaidieni kodi na unga mpaka nirudi kazini."

"Kumbe unamuuzia dada yako figo?" Wabwire akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Ningeuza ningetaja bei. Nataja kazi nitakayoikosa tu. Ninyi mtatoa, kesho yake mtaenda kazini. Mimi nitatoa, kisha nilale."

Nabwire, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, uso umevimba, akajiinua kwa kiwiko.

"Javan akifungiwa nyumba kwa ajili yangu, huko kwa upasuaji siingii. Afadhali nife na mashine yangu. Gaweni upya."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nimeshasema."

Laban akasukuma sahani yake kando. Hatimaye akasema kodi watagawana yeye na ndugu wengine, kila mwezi mmoja wao.

"Unga ni wa Wabwire."

"Mimi tena? Si nimeshapewa dawa?"

"Unga unauza wewe. Tuuombe wapi?"

Wabwire akaguna, lakini hakukataa.

Javan alidhani angefurahi. Badala yake uchovu wa wiki nzima ulimwangukia, kana kwamba ulikuwa ukingoja neno hilo. Akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"Kula basi, shemeji," mke wa Laban akamwambia, sauti yake sasa laini.

"Nitakula, shemeji. Niache kwanza nipumzike."